Mwongozo Kamili wa Kutembea Pemba: Karafuu, Visiwa na Mchezo wa Ng'ombe

Wengi wanaokwenda Pemba kwa mara ya kwanza huanza na tiketi, wakafuata hoteli, ndipo wakauliza huko kuna nini. Kwa Unguja utaratibu huo unafaa. Kwa Pemba utarudi nyumbani na malalamiko: ufuo ulikuwa mkavu mpaka kwenye mwamba, karafuu zilikuwa bado changa, ng'ombe walicheza wiki iliyopita, na mchana mzima hakukuwa na pa kula. Kisiwa hiki kinakwenda kwa karafuu, upepo, mwezi na sikukuu. Anza na hivyo vinne, tiketi na chumba vitajipanga vyenyewe.

Jiografia kwa ufupi, maana utaihitaji. Pemba iko kaskazini ya Unguja, kama kilomita 50 kuvuka bahari, na upande wa bara inatazamana na Tanga. Ina mikoa miwili. Kusini Pemba ina wilaya za Chake Chake na Mkoani. Kaskazini Pemba ina Wete na Micheweni. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu laki tano, na wengi wao wanaishi kwa kulima, kuvua au vyote viwili. Ni nchi ya vilima na mabonde: juu mikarafuu na minazi, chini mpunga. Mabaharia Waarabu wa zamani waliiita kisiwa cha kijani, na ukiiona kutoka kwenye ndege huna la kuongeza.

Kwanza: amua unataka kuona nini, ndipo uchague mwezi

Masika huanza Machi na kwenda mpaka Mei. Mvua ya Pemba si ya mchezo. Njia za udongo huteleza, vijito hujaa, na mwenye mashua ndogo hatoki kwa sababu yako. Kama huna jambo maalumu, miezi hii iache.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Hewa ni nzuri, usiku hata shuka unaitafuta, lakini ndiyo miezi ya kusi, upepo wa kusini. Kusi likipamba moto, mkondo wa Nungwi kati ya visiwa viwili huchafuka na abiria wa boti hutapika kwa zamu. Kuanzia Septemba kusi hulegea, bahari ikatulia, maji yakawa maangavu mpaka vuli inapoingia Novemba. Desemba hadi Februari ni kaskazi, upepo wa kaskazini: jua kali, joto, embe zimejaa sokoni.

Sasa ziweke karafuu juu ya hayo. Msimu mkubwa kwa kawaida hufunguka kuanzia Julai na kuendelea miezi ya mwisho wa mwaka, na mwaka wa neema uchumaji huweza kuvuka mwaka. Lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, unaofuata unapumzika. Kwa hiyo usitegemee kalenda peke yake: mpigie mwenye nyumba ya wageni Chake au Wete umuulize swali moja tu, "Karafuu zinaanikwa?" Akikwambia watu wako mashambani, nenda.

Halafu tazama Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Karibu kisiwa chote ni Waislamu. Mchana wa Ramadhani migahawa hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni utovu wa adabu, uwe unafunga au hufungi. Si kwamba usiende. Usiku wa Ramadhani Pemba una ladha yake, futari za nyumba kwa nyumba na watu barabarani mpaka daku. Jua tu kwamba mchana utakuwa wa kulala na kutembea taratibu.

Ukiniambia una safari moja tu na hutaki kubahatisha, nitakupeleka mwisho wa Septemba au Oktoba. Bahari imetulia, karafuu zina nafasi nzuri ya kuwa juani, na mvua bado.

Pili: hesabu mwezi wa angani

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, hasa waliozoea bahari isiyokwenda mbali. Pwani zetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kina hukaribia mita nne. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, yakajaa kama saa kumi jioni. Kati ya bamvua moja na nyingine, wakati wa maji mafu, bahari haiendi mbali, na hujaa upande wa asubuhi.

Kwa mpango wako maana yake ni hii. Ukitaka kuogelea asubuhi na kupanda mashua bila kutembea nusu saa juu ya mwamba, chagua siku za maji mafu. Ukitaka kuwaona akina mama wa mwani kazini pwani ya mashariki, au kutembea kwenye kina kilichokauka ukaangalia chaza na kaa, chagua bamvua na uwe ufukweni mapema. Kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu saa moja kasorobo au zaidi, kwa hiyo saa ya jana usiitumie leo. Mvuvi yeyote atakupa saa sahihi kuliko simu yako.

Tatu: kufika

Njia ni mbili. Kwa anga, ndege ndogo hutoka Dar es Salaam na Unguja, nyingine hugusa Tanga. Kutoka Unguja ni kama nusu saa. Uwanja uko karibu na Chake Chake, na teksi au bodaboda itakufikisha mjini mara moja.

Kwa bahari, boti za kasi na meli hutoka bandari ya Malindi Unguja kwenda Mkoani, na zipo safari zinazounganisha Tanga. Boti ya kasi huchukua saa chache. Meli ya usiku ni polepole, bei yake nafuu, na kwa mwenye tumbo jepesi ndiyo afadhali kwa sababu unalala. Ratiba hubadilika kwa msimu na si kila siku kuna safari, kwa hiyo thibitisha siku mbili kabla, na kata tiketi ofisini au kwa wakala anayekupa risiti yenye jina lako. Wapiga debe wa bandarini waachie wenyewe.

La usalama lisemwe wazi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama usiku karibu na Nungwi ikiwa inakwenda Pemba, na mamia ya watu walipotea. Ilikuwa imepakia kupita uwezo. Ukifika bandarini ukaona watu wamejazwa mpaka kwenye mizigo, rudi nyuma. Nauli utaipata tena. Na majahazi ya mizigo yanayovuka kutoka pwani ya Kenya au Tanga kwa njia za pembeni usiyapande hata ukiambiwa ni bei ya bure. Hayana vifaa vya kuokoa, na ukifika huna mhuri wa kuingilia.

Raia wa Tanzania abebe kitambulisho cha taifa. Mgeni wa nje abebe pasipoti, na akumbuke kwamba tangu 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni wa nje awe na bima ya safari ya Zanzibar yenyewe. Ada iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44, na hulipwa mtandaoni kabla ya kuondoka.

Nne: kambi yako iwe wapi

Ukiwa na siku tatu, lala Chake Chake. Mji uko katikati, magari ya pande zote yanaanzia hapo, na ngome ya zamani yenye makumbusho madogo iko kwa miguu. Ukiwa na siku tano au zaidi, gawa: nusu Chake, nusu Wete, ambako ni karibu zaidi na msitu wa Ngezi na fukwe za kaskazini. Mkoani lala tu kama boti yako inaondoka alfajiri. Hoteli za kifahari zipo kwenye rasi ya kaskazini na upande wa Wambaa kusini-magharibi. Ni nzuri, ila ukikaa humo siku zote utaiona bahari ya Pemba bila ya Pemba yenyewe.

Daladala zinaunganisha Mkoani, Chake, Wete na Konde. Kati ya mji na mji ni chini ya saa moja gari likishajaa, lakini kujaa ndiko kunakochukua muda. Jioni magari huadimika mapema. Kwa vijiji vya ndani tumia bodaboda, patana kabla ya kupanda, na kama anakusubiri huko sema hivyo tangu mwanzo, kwa sababu bei ya kwenda na bei ya kwenda-kusubiri-kurudi ni vitu viwili.

Fedha toa Chake au Wete kwenye mashine za benki, PBZ ikiwemo. Ukishatoka mjini ni noti ndogondogo na pesa za simu. Mwenye mashua wa Wesha hana chenji ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi.

Mavazi: nguo zinazofunika mabega na magoti, kwa mwanamume na mwanamke. Nguo za kuogelea ni za ufuo wa hoteli au kisiwa kisicho na watu. Ukipita kijijini jifunge kanga au kikoi. Salamu ni jambo refu Pemba. Usimkatize mtu kwa swali la njia kabla hamjajuliana hali. Mkubwa mpe shikamoo yake, na ukifika uani piga hodi kwa sauti na usubiri. Hatua tatu nyuma, si mguu mmoja ndani.

Tano: siku ya mashamba

Hii ndiyo siku ambayo ningeipa muda mwingi kuliko zote. Ziara za viungo za Unguja ni bustani zilizopangwa: mti mmoja wa mdalasini, mmoja wa iliki, kijana anakufumia kofia ya makuti. Pemba unakuta watu kazini, na kama msimu ni wenyewe, hawana muda wa kukuigizia.

Historia yake ni fupi. Karafuu ziliingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo inayobeba zao hili. Mpaka leo karafuu hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, kwenye vituo vyake.

Toka Chake asubuhi na mapema kwa bodaboda na mtu anayejulikana huko unakokwenda. Kijiji gani si hoja kubwa, fuata harufu. Kabla ya kuingia shambani tafuta mwenyewe.

"Asalamu alaikumu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tunaomba kupita tuone uchumaji."

"Piteni. Majamvi tu msiyakanyage."

Mara nyingi ruhusa ni nyepesi hivyo, ukiwa umeiomba. Chini ya mti utaona vishada vinashushwa. Mchumaji yuko juu sana, mkarafuu ni mrefu kuliko unavyodhani, na huvuta tawi kwa upembo, kijiti chenye ndoano, akalifunga kwa kamba ili alifikie. Anachotafuta ni kishada ambacho vichwa vimevimba na rangi imeanza kutoka kijani kwenda wekundu, lakini maua hayajafunguka. Ua likifunguka thamani imekwenda.

Kazi ya kutazama kwa karibu ni kuchambua. Watu wamekaa kwenye jamvi, wengi wanawake na watoto waliotoka skuli, lundo katikati. Mkono wa kushoto unashika kishada, wa kulia unakisukuma kwenye kiganja kwa mzunguko mmoja, karafuu zinamwagika upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, yanawekwa upande ule. Mwenye mazoea hatazami hata mkono wake. Anazungumza habari za harusi huku lundo linapungua. Jaribu, watakuruhusu na watakucheka. Baada ya dakika chache vidole vyako vitakuwa vya kahawia na vitanukia mpaka kesho yake, sabuni au hakuna sabuni.

Kisha ni jua. Karafuu hutandazwa, hugeuzwa, na wingu likitokea kila mtu anakimbia. Zikinyeshewa au zikifungwa mbichi huharibika, zikageuka rangi na kushushwa daraja kituoni. Iliyokauka vyema huvunjika kwa mlio ukiikunja, na ukiibana kichwa kwa ukucha mafuta hutoka. Huo ndio mtihani wa kutumia hata unaponunua sokoni kwenu.

Makonyo nayo hayatupwi. Wawi, nje kidogo ya Chake, kuna kiwanda cha makonyo kinachokamua mafuta: makonyo yenyewe, na pia majani ya mkaratusi, mchaichai na mdalasini. Nenda siku ya kazi, toa taarifa getini, na utaonyeshwa mitungi ya mvuke. Hapo ndipo pa kununua chupa ya mafuta ya karafuu ya kweli kwa jino linalouma.

Onyo moja. Usikubali kuuziwa gunia au hata kiroba cha karafuu kichochoroni eti upeleke bara. Magendo ya karafuu ni kosa zito Zanzibar, na bandarini na uwanja wa ndege wanatazama. Pakiti ndogo ya dukani yenye risiti haina tatizo.

Kama hukubahatika na msimu wa karafuu, siku hii haipotei. Kuna pilipili manga zinazopanda miti, vanila, mafenesi, shokishoki na duriani kwa wakati wake. Duriani wapo wasioiweza harufu yake. Mimi ni mmoja wao na sitakushawishi. Mabondeni mpunga. Na pwani ya mashariki, maeneo ya Micheweni, mashamba ya mwani: vigingi na kamba kwenye maji ya magoti, akina mama wakifunga mbegu moja moja. Pemba hutoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Ingia majini pamoja nao ukikaribishwa, vaa yeboyebo kwa sababu ya miiba, na usipige picha kabla ya kuomba. Wamechoka kuwa picha.

Sita: visiwa na fukwe

Misali kwanza. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, kisicho na mji, chenye matumbawe yaliyo hai kuzunguka karibu pande zote na ukanda wa maji ya kina kirefu nje yake. Kimekuwa hifadhi tangu 1998, na sasa kimo ndani ya eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba. Wavuvi wana sehemu zao za kuvua na za kupiga dago, yaani kambi za muda, wageni wana zao. Baruti na kokoro vilipigwa vita huko kwa sheria na pia kwa mawaidha ya misikitini, kwa sababu Wapemba wanakihesabu kisiwa hiki kuwa na heshima yake. Yapo mapango ambayo watu huenda kuomba. Usiingie humo kama anayekwenda kuvinjari, na usiguse kilichowekwa.

Utaratibu wa kwenda uko hivi. Jioni ya kabla, nenda Wesha, bandari ndogo karibu na Chake, uzungumze na nahodha mwenyewe. Mambo ya kumaliza kabla ya kushikana mikono: bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, petroli ni ya nani, ada ya hifadhi imo au haimo, saa ya kuondoka na ya kurudi kulingana na maji, na majaketi ya kuokolea yako mangapi. Hilo la mwisho muombe akuonyeshe, usiridhike na "yapo". Chakula na maji beba, kisiwani hakuna duka. Takataka rudi nazo. Usikanyage matumbawe, na kaa wa nazi ukimwona, mwangalie tu. Kulala hakuruhusiwi kwa mgeni.

Upande wa kaskazini kuna Vumawimbi, ufuo mrefu mweupe, nyuma yake msitu. Ndio mzuri kuliko zote kwa macho yangu, na hauna huduma yoyote. Panda gari la Konde, kisha bodaboda kupitia msitu wa Ngezi. Nenda na mwenyeji, usiache simu na pochi mchangani ukaingia majini, na mtu wa bodaboda mpangie arudi saa fulani kabla jua halijashuka. Ukiendelea mpaka Ras Kigomasha kuna mnara wa taa wa chuma wa enzi za Waingereza. Ukipata mwenye ufunguo, panda. Upande wa pili wa rasi ni Verani, pazuri kwa magharibi ya jua.

Usipite Ngezi bila kusimama. Ofisi ya msitu iko njiani, lipa kiingilio uchukue mtembezaji. Ndani kuna mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba, na bundi wa Pemba asiyepatikana kokote kwingine duniani. Bundi huyo huonekana kwa matembezi ya usiku, ambayo hupangwa mapema. Popo wakubwa wa Pemba nao ni wa hapa tu. Mabawa yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu. Miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa kuwindwa, vijiji vikabadilika, na leo Kidike, kaskazini ya Chake, wanakijiji wenyewe wanawalinda na kukuonyesha kwa ada ndogo. Fika alasiri. Asubuhi wananing'inia tu na kugombana.

Kojani ni kisiwa cha aina nyingine: watu wengi mno, nyumba zimebanana, wavuvi wanaojulikana pwani nzima ya Afrika Mashariki. Unavuka kwa mashua kwa dakika chache. Si mahali pa kuotea jua. Nenda ukiwa na mwenyeji, jisitiri vizuri, salimia wazee wa pale gatini, kaa kwenye baraza kidogo, ondoka.

Wapenda magofu: Ras Mkumbuu ina msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, unafikika vizuri kwa mashua ukitoka Misali. Pujini kuna boma la Mkama Ndume, mtawala ambaye hadithi za ukali wake bado zinasimuliwa. Ni kuta tu na handaki. Bila msimuliaji utaona kichaka.

Saba: ngoma, ng'ombe na sikukuu

Mwaka Kogwa, yaani sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, si wa Pemba kama wengi wanavyodhani wakipanga safari. Ule mkubwa ni wa Makunduchi, kusini Unguja, mwezi wa Julai. Unaweza kuuona huko ndipo ukavuka, kama tumbo lako linaiweza bahari ya kusi.

Cha Pemba ni mchezo wa ng'ombe. Huchezwa vijijini, kama Chwale, Kengeja na Wingwi, zaidi katika miezi ya ukavu kabla ya mvua, na wazee wengine huuhusisha na kuomba mvua. Wengi huunasibisha na Wareno waliokuwa visiwani karne za 16 na 17. Ng'ombe hauawi. Anafungwa kamba ndefu, vijana wanamchokoza kwa nguo, zumari linalia bila kupumua, akina mama wanaimba wakimsifu au kumtania. Ng'ombe akiinamisha kichwa, uwanja mzima unasogea kwa pamoja. Kamba huwa ndefu kuliko unavyofikiri ukiwa mgeni, na hapo ndipo unaelewa kwa nini watoto wote wako juu ya miembe.

Hakuna tiketi wala tangazo. Uliza barazani, kwenye kahawa, kwa dereva wa gari la Konde, na uulize watu wawili tofauti. Fika kabla ya alasiri. Simama upande wa juu wa uwanja, karibu na mti, na viatu vya kufunga. Mwanamke mgeni akae na akina mama. Ndiko kwenye nyimbo na ndiko kwenye nafasi nzuri. Usivae nguo nyekundu ukaenda mbele kutafuta picha, watu watakucheka hata kama ng'ombe hatajali.

Sikukuu za Idi huadhimishwa siku nne. Mchana ni kutembeleana. Jioni ni viwanja vya sikukuu, na kwa Chake ni Tibirinzi: pembea, midoli, aiskrimu, watoto wamevaa mpya mpaka soksi. Ukialikwa kula siku ya kwanza, nenda na kitu mkononi, sukari au tambi au halua, na uwape watoto chochote kidogo cha mkono wa Idi. Vyumba na boti hujaa siku hizo kwa Wapemba wanaorudi kwao, kwa hiyo tiketi ikatwe wiki kadhaa kabla. Mwezi wa Maulidi una usomaji misikitini na vijijini. Mgeni aliyestirika hafukuzwi.

Nane: mwili wako

Usioge wala kukanyaga maji ya vijito, mabwawa na mabonde ya mpunga. Kichocho kipo Pemba na kimepigwa vita kwa miaka mingi. Maji ya chumvi hayana shida hiyo. Lala ndani ya chandarua. Kwa ugonjwa mkubwa kuna hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, na hospitali za Chake na Wete.

Na nyama ya kasa, ukikaribishwa mahali popote, kataa kwa upole. Kasa ni marufuku kuwindwa, na nyama yake huweza kuwa na sumu ambayo moto hauiondoi. Machi 2024, Kisiwa Panza, watu 9 walifariki baada ya kuila, na 8 kati yao walikuwa watoto.

Kula pweza wa nazi, kula mkate wa kumimina, supu asubuhi na chapati. Madafu ni salama kuliko chupa nyingi.

Mwisho: kurudi

Usipange ndege ya kimataifa jioni ile ile unayotoka Pemba asubuhi. Weka usiku mmoja Unguja au Dar katikati, kwa sababu upepo ukikataa, boti haitoki, na ndege ndogo nazo huahirishwa. Ndege hizo kwa kawaida zinaruhusu mzigo wa kilo 15 tu, begi laini si sanduku gumu, na wanapima. Matumbawe, makombe na gamba la kasa usibebe hata kimoja. Halua nunua siku ya kuondoka, chukua iliyofungwa kwenye kawa au kopo na uiweke kwenye begi la mkononi, maana kwenye joto la sehemu ya mizigo hutoa mafuta na nguo zako ndizo zitakazoyanywa.